Siku za Kabla

Shangazi yangu alijua kila kitu kuhusu damu ya mwezi. Alijua vitambaa vipi vinafaa na vipi ni vya kutupa, alijua majani ya kuchemsha tumbo likikata, na alijua mashamba ambayo msichana hapaswi kuyakanyaga akiwa katika siku zake. Siku zinazotangulia damu nazo alizijua, tena kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, ila yeye alizijua kwa siri. Nasikia siku hizi shule zina walimu wa ushauri nasaha, msichana anakalishwa kitini na kuulizwa anajisikiaje. Vizuri sana. Sisi tulipewa chumvi ya haluli tuharishe, na tulipofanya kosa tukapewa jembe.

Kwetu ni Busia, upande wa Kenya, nyuma ya soko. Baba alikuwa Msamia, fundi cherehani, na mama alikuwa Mteso. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kujifunza lugha ya mwenzake sawasawa, nyumbani tulizungumza Kiswahili kile cha sokoni, na walimu walitusahihisha hadi wakachoka. Mpaka wenyewe wakati huo haukuwa kitu cha kumnyima mtu usingizi. Uhuru ulikuwa umeshafika pande zote mbili na bendera zilikuwa mbili, lakini mama akiishiwa chumvi alivuka, akanunua, akarudi maji ya ugali yakiwa hayajachemka. Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa baba alipotupeleka sisi wakubwa, mimi na dada yangu, shule ya bweni ya wasichana huko Tororo, upande wa Uganda. Dada alinitangulia kwa madarasa mawili.

Baba hakuwahi kutamka neno lolote kuhusu miili yetu. Lakini dada alipovunja ungo, mfuko wa kaki ulianza kuning'inia kwenye msumari nyuma ya cherehani, na ndani yake mlikuwa na vipande vya flaneli, vile laini, vilivyobaki alipokuwa akishona mashati ya watoto. Hakumwambia mtu ni vya nini. Tulipofungasha kurudi shule dada aliuchukua, na tuliporudi likizo tulikuta mwingine umejaa. Namshukuru baba kwa mfuko ule hadi leo. Kuhusu mambo mengine sina shukrani nyingi.

Kwetu mama hamfundishi bintiye mambo hayo. Ni kazi ya shangazi, dada wa baba, na wetu alikuwa ameolewa na Japadhola, mtu wa kabila la Wadhola, huko Kisoko, ng'ambo Uganda. Dada alipelekwa kwake likizo ya kwanza baada ya kuvunja ungo, nami nikapelekwa kumsindikiza, kwa sharti kwamba usiku nijifanye nimelala. Nilijifanya vizuri sana, sikukosa hata neno. Usipite kwenye shamba la karanga, zitatoka maganda matupu. Usichume majani ya maboga. Usipande ghala la wimbi. Vitambaa vyako vikauke chini ya kitanda, si kambani, wala shemeji asivione. Dada aliitikia kila kitu. Aliuliza swali moja tu, kama damu inaumiza, na Shangazi akajibu kwamba tumbo linauma kidogo halafu unazoea.

Tumbo halikumsumbua dada yangu hata siku moja.

Kwa siku nyingi za mwezi alikuwa mtu wa kucheka hovyo. Alipiga hesabu kichwani wakati sisi tunatafuta vidole. Alitaka kuwa nesi, na tayari alikuwa amejifunza kutembea kinesi, haraka haraka, mikono imekunjwa mbele, kama wale aliowaona hospitalini alipopelekwa na malaria. Tulimcheka naye akatucheka zaidi. Halafu ilifika wiki ile ya kabla. Matiti yalimuuma hata akashindwa kulalia tumbo. Viatu vilimbana. Alilia kwa sababu nimesogeza kitana chake. Siku moja alimrushia kiranja wa jikoni sahani ya posho, ule ugali wa shule, na maharage kwa sababu maharage yalikuwa na fukusi, na maharage yetu yalikuwa na fukusi kila siku ya Mungu. Siku nyingine alilichana gauni lake la Jumapili aliloshonewa na baba, akalichana kutoka shingoni hadi kwenye pindo, kisha akakaa sakafuni akilitazama. Damu ikija, yote yalikwisha. Aliamka asubuhi akiwa yeye tena, akaanza kuzunguka bwenini kuomba radhi, kitanda kwa kitanda. Kule kuomba radhi kuliniuma kuliko kelele zake.

"Nina nini mimi?" aliniuliza tukiwa kwenye mabomba ya kufulia. "Niambie. Wewe unaniona. Nina nini?"

Nilijua ni kabla ya damu, kila mwezi, maana vitambaa vyake nilivianika mimi chini ya kitanda chetu. Zaidi ya hapo sikujua kitu, na mimi mwenyewe nilikuwa bado mtoto. Wasichana wa bwenini walisema ana mapepo. Walimu walisema ana kichwa ngumu. Mama alisema ni malaria ya kichwani akampa kwinini, na dada akainywa na uchungu wake wote, maana wakati huo angekunywa hata mafuta ya taa kama mtu angemwambia yatamponya.

Metroni wetu alizungumza nasi kwa Kiingereza akiwa na furaha na kwa Kiswahili akiwa amekasirika, kwa hiyo Kiswahili chake tulikisikia sana. Dada alimwendea kwa adabu zote, na mimi nilikuwa nyuma yake mlangoni.

"Metroni, inakuja kabla ya siku zangu. Kila mwezi. Naona inakuja, lakini siwezi kuizuia."

"Tumbo nachafuka, kichwa nachafuka," Metroni akasema, akikoroga haluli kwenye kikombe cha bati. "Kunywa."

"Si tumbo, Metroni."

"Kila mwanamke iko na siku. Mimi iko na siku. Mbona mimi hapana tupa sahani?"

Dada alikunywa. Alishinda chooni siku nzima, na jioni yake akalia vilevile, sasa akiwa hana nguvu za kulia.

Mwalimu mkuu alikuwa Mzungu, mama mmoja mwenye sauti ndogo ambaye hakuwahi kumpiga mtu. Dada alipomfokea mwalimu wa jiografia mbele ya darasa zima, baba aliitwa. Alikuja na basi, amevaa koti katikati ya joto, kofia mkononi. Aliambiwa wazi, kwa njia ya Metroni, kwamba likitokea jambo jingine moja msichana ataondoka, na kwamba mwaka huo ndio wa mtihani wake wa kumaliza masomo ya kati. Bila mtihani ule hakuna chuo cha unesi ambacho kingemtazama. Baba alisema, "Asante, madam." Pale getini alinipa mkate nusu, akamwambia dada neno moja, vumilia, akaenda kusubiri basi. Likizo ilipofika alitupeleka Kisoko ili Shangazi azungumze naye.

Shangazi alikuwa mwembamba, mikono mirefu, mtu wa maneno machache. Alisifiwa kote kule kwa jembe lake. Wanaume waliwatania wake zao kwa kumtaja. Siku za kwanza alimtazama tu dada akitwanga na kuchota maji na kucheka na watoto. Halafu wiki ile ikafika. Dada alimwaga unga wa wimbi kwa bahati mbaya, mtoto mmoja akacheka, na dada akampigia kelele mtoto, akampigia kelele Shangazi, akapiga teke ungo wenyewe hadi ukafika nje uani. Mume wa Shangazi alisimama akatoka. Mimi nilingoja kipigo. Shangazi aliinama akaanza kuzoa unga.

Asubuhi alitupa majembe. Tulitembea hadi jua likapanda, tukaziacha nyumba zote nyuma, hadi kwenye shamba lake la mbali, karibu na kinamasi, upande wa kwenda Nabuyoga. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa hata na mbuzi.

"Gombana na hii udongo," akamwambia dada. "Haina masikio."

Dada alisimama tu, jembe begani, uso umevimba kwa kulia.

"Mimi pia nakuja huku," Shangazi akasema. Alikuwa ameanza kulima, kwa hiyo aliyasema akiwa ameinama. "Tangu msichana. Kabla ya damu kuja, mimi naona mume adui. Naona watoto kama nzi. Naweza kuchoma nyumba. Sasa mimi nabeba jembe, nakuja huku, nalima mpaka inapita. Watu nasema, ah, hii mwanamke hodari sana. Mimi hapana hodari. Mimi nakimbia."

"Kila mwezi, Shangazi?"

"Kila mwezi."

"Na unalia?"

"Nalia. Nani nasikia?"

Dada yangu akacheka. Alicheka hadi akachutama chini, kisha kicheko kikageuka kilio, kisha akainuka akaanza kulima kama mwendawazimu, udongo unaruka, na Shangazi akasogea pembeni kumpisha. Siku ile nilikuwa na furaha isiyo na mfano, ingawa sikuwa na sehemu yangu ndani yake. Kwa mara ya kwanza mtu mzima alikuwa amemwambia dada yangu, "Hata mimi." Hakumpa jina la ugonjwa, hakumwombea, hakumnywesha kitu. Alimwambia, "Hata mimi."

Dada alikwenda kule kila siku hadi damu ilipokuja. Jioni alirudi mikono imejaa malengelenge, anayaonyesha kwa fahari, anakula chakula cha watu wawili na kulala fofofo. Hakumfokea mtu tena. Siku ya kuondoka Shangazi alitusindikiza hadi njia kuu.

"Ikikuja, tafuta shamba haina mtu," alimwambia. "Lakini hii maneno ni yetu ya wanawake. Wanaume hapana."

Ndio ushauri wote aliokuwa nao, na ulikuwa ushauri wa kweli. Ulikuwa umetengenezwa kwa mwanamke mwenye ardhi, anayeamka na kwenda anakotaka bila kuulizwa. Shuleni sisi tuliishi kwa kengele.

Muhula ulipoanza, na wiki ile ilipokaribia, dada alifanya kama mtu mwenye akili. Alikwenda kwa Metroni akaomba jembe, alime bustani ya shule peke yake baada ya masomo. Katika shule yetu jembe lilikuwa adhabu. Aliyechelewa alilima, aliyezungumza lugha ya kwao alilima, aliyeiba sukari alilima wiki nzima.

"Wewe nafanya kosa gani?"

"Hakuna, Metroni."

"Basi jembe ya nini? Hakuna kosa, hakuna jembe."

Mwezi ule alivumilia kwa kuuma mto. Kweli aliuma mto hadi akautoboa, asubuhi alikuwa na pamba ya mto midomoni, na hakumtupia mtu kitu. Mwezi uliofuata mtihani ulikuwa karibu, na aliona haiwezekani mara ya pili. Wenzetu walipokuwa michezoni alichukua jembe stoo.

"Nakwenda kulima," akaniambia. "Nitarudi kabla ya kengele ya chakula."

Alipenya kwenye ua wa miti, akateremka kwenye mashamba yaliyo chini ya lile jabali la Tororo. Alichagua shamba lisilo na mtu, kama alivyofundishwa. Lilikuwa la karanga zilizoanza kutoa maua, na magugu yalikuwa yamezisonga, kwa hiyo hakuharibu kitu. Alipalilia. Alipiga magoti akatoa majani kwa mkono pale jembe lilipoweza kukata mizizi ya karanga. Baadaye aliniambia ilikuwa alasiri nzuri kuliko zote za muhula ule, na kwamba alikuwa akijisomea kimoyomoyo majina ya mifupa ya mkono. Damu ilikuja mapema kuliko alivyotarajia. Alikuwa amepiga magoti katikati ya karanga za watu, amevaa yunifomu ya rangi ya maziwa, wala hakujua.

Mwenye shamba alijua. Tulimsikia kabla hatujamwona. Mwanamke wa makamo, Japadhola, alipanda njia ya kuja shuleni amemshika dada yangu kwa kifundo cha mkono, akipaza sauti kwa lugha yake. Waliojua lugha hiyo walisimama wakaziba midomo. Wasioijua walitazama sketi wakaelewa. Sikumchukia yule mama, wala leo simchukii. Mvua ya kupandia ilikuwa imeshapita, karanga zile ndizo zilikuwa za mwaka wake mzima, na yeye pia alikuwa na shangazi aliyemfundisha. Mafundisho ya Shangazi yetu yalikuwa mawili, dada akashika moja, na lile moja likamwangusha juu ya jingine.

Kutoka nje ya ua wa shule ilikuwa ni kufukuzwa, bila mjadala. Lakini dada alikwenda mbele ya mwalimu mkuu akamweleza yote kwa Kiingereza chake kizuri, kwamba kuna siku za kabla, kwamba akilima harushi sahani, kwamba amefundishwa hivyo na shangazi yake ambaye naye yuko hivyo. Yule Mzungu alikuwa mtu wa haki kwa namna yake. Alisema hajawahi kusikia kitu kama hicho, lakini kama shangazi huyo yupo, na aje aseme mwenyewe. Akithibitisha, dada atabaki, atafanya mtihani, na atapewa kipande cha bustani. Asipothibitisha, basi ni hadithi ya msichana aliyetoroka.

Dada alifurahi. Alilala vizuri usiku ule, maana alijua Shangazi atakuja na Shangazi atasema.

Shangazi alikuja. Alivaa gomesi yake ya sherehe na mshipi mpana kiunoni, miguu imepakwa mafuta. Na baba akaja. Alifunga cherehani siku ya soko, kitu ambacho hakuwahi kufanya hata akiwa na homa, akavaa koti lake, akaketi kwenye benchi la ofisi ubavuni mwa dada yake ili asimwache peke yake mbele ya Mzungu. Alifanya hivyo kwa mapenzi. Angebaki nyumbani, dada yangu angekuwa nesi.

Niliitwa nami nisimame ukutani, nione na nijifunze. Mwalimu mkuu aliuliza, Metroni akatafsiri.

"Madam nauliza, wewe ndio nafundisha huyu kwenda kulima shamba ya watu? Kwa nini? Nasema wewe pia iko na hii kitu, kila mwezi. Ni kweli?"

Shangazi alimtazama Metroni, kisha akamtazama kaka yake. Kwetu ndugu wa kike na wa kiume wa tumbo moja hawaketi hata kwenye kitanda kimoja. Mambo ya mwili hayatajwi kati yao hata nyumba ikiungua. Baba alikuwa ameinamia kofia yake akiizungusha kwa vidole, na masikio yake yalikuwa yamesimama kama ya mtu anayengoja kupigwa. Angetoka nje kidogo tu. Angesema anakwenda kuvuta hewa. Haikumjia akilini.

"Mimi sijui, madam," Shangazi akasema. "Mimi nafundisha yeye tabia mzuri. Kulima, ndiyo, kila mtu nalima. Kutoka shule, hapana. Watoto ya siku hizi, kichwa ngumu."

Dada yangu alikuwa amesimama katikati ya chumba.

"Shangazi," akasema polepole, kwa heshima, "sema yale ya kule shambani. Karibu na kinamasi."

Shangazi alivuta pindo la gomesi juu ya magoti.

"Shamba gani?"

Nilifungua mdomo. Nilisema, kwa sauti iliyonitoka kubwa kuliko nilivyokusudia, kwamba nilikuwepo, nilimsikia, hata yeye kila mwezi. Sikumaliza. Metroni alinikamata sikio, na baba akanigeukia na macho ambayo sikuwa nimeyaona kwake kabla ya siku ile, wala hayakuwa ya hasira. Alikuwa akiniomba niache. Mwalimu mkuu aliuliza mtoto anasema nini. Metroni akamjibu kwa Kiingereza kwamba mtoto anaomba msamaha kwa niaba ya dada yake. Kiingereza changu wakati huo kilitosha kuelewa hilo, na kwa kusema kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni tu.

Kisha mwalimu mkuu akamuuliza dada, moja kwa moja, kama ana neno la kuongeza. Dada angeweza. Alikuwa na Kiingereza chote kilichohitajika. Alimtazama Shangazi, ambaye sasa alikuwa ameificha mikono kwapani, akamtazama baba na kofia yake. Kumwita shangazi yako mwongo mbele ya baba yako ni kitu kimoja. Kumvua nguo mbele ya kaka yake ni kingine.

"Hapana, madam," akasema.

Baba alilibeba sanduku la bati la dada kichwani hadi kituo cha basi, yeye mwenyewe, mwanamume mzima, na hakukubali kupokezana na mtu. Hicho ndicho alichoweza kusema.

Hakuna shule nyingine iliyomchukua. Hazikupita mvua nyingi akaolewa mbele ya Busia, huku upande wa Kenya, njia ya kuelekea ziwani, na mtu aliyekuwa na ardhi kubwa ambaye alikuwa amesikia kwamba binti wa fundi anajua kushika jembe. Gauni la harusi alilishona baba. Muhula ule nilipouchungulia mfuko wa kaki kwenye msumari, nilikuta flaneli chache na vipande vingi vya satini nyeupe. Satini hainyonyi kitu. Nadhani alijua, ila alishindwa kuvitupa.

Nilimtembelea dada mara moja likizo moja. Mama mkwe wake alinipokea kwa sifa, akasema hawajawahi kupata mke hodari kama yule, kuna siku anakwenda shambani kabla ya jogoo kuwika na harudi hadi giza, wala haombi chakula. Nilimkuta dada akilima mahali palipokwisha limwa. Udongo ulikuwa laini kama unga, hapakuwa na gugu hata moja, naye alikuwa akiugeuza tena.

"Bado zinakuja?" nikamuuliza.

"Zinakuja." Hakuinua kichwa. "Hapa shamba lipo."

Alisema bila uchungu. Ningependa angekuwa na uchungu. Nilimtajia wenzake waliofaulu mtihani, wale waliokwenda unesi, nikidhani atataka kujua, naye akauliza kama bado maharage yana fukusi. Nilijibu ndiyo. Hakucheka. Mikono yake ilikuwa migumu, malengelenge yameshakuwa ngozi, na alinipa mihogo ya kumpelekea mama. Nililia njia nzima hadi Busia, na abiria waliniuliza kama nimefiwa.

Mwaka uliofuata nilivunja ungo nami. Baba hakusema kitu. Alinipeleka Kisoko.

Shangazi alikuwa amezeeka kidogo, mikono ileile mirefu. Alinikalisha kwenye mkeka akanifundisha. Karanga, maboga, ghala la wimbi, vitambaa chini ya kitanda. Safari hii sikuwa na haja ya kujifanya nimelala. Niliitikia kila kitu, nikangoja, nikadhani kwamba kwa kuwa tuko wawili tu, na kwa kuwa anajua kwamba najua, atafika pale. Akavuta ungo akaanza kupepeta wimbi.

"Shangazi," nikasema, "na siku za kabla?"

Ungo haukusimama.

"Kabla hakuna kitu," akasema. "Damu nakuja, damu nakwenda. Basi."

Nilimtazama usoni. Hakunitazama. Niliona kwamba kama ningelia, ningesihi, ningemtaja dada yangu kwa jina, angejibu hivyohivyo, na kwamba atawajibu hivyohivyo wasichana wote watakaoletwa kwake baada yangu, hadi atakapokufa. Mimi mwili wangu ulikuja kuwa mpole, sikupata hata robo ya mateso yale. Lakini wadogo zetu wawili wa kike, waliobaki nyumbani, walikuwa bado hawajafika kwa Shangazi, na mmoja alikuwa na kicheko cha dada.

Asubuhi niliamka nikakuta mkeka wake mtupu. Jembe halikuwepo ukutani. Mume wake alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, akiota jua.

"Shangazi yako nakwenda shamba ya mbali," akaniambia. "Nasema mtu asifuate." Akatikisa kichwa kwa fahari. "Hii mwanamke hodari sana."